Nani Anajua Kwamba Haupo?

MZAZI: Karibuni tena. Leo sina utangulizi mrefu. Mwanangu amehamia shule mpya muhula huu. Juzi nikamuuliza, "Siku usipokwenda, nani anajua kwamba haupo?" Akafikiri kidogo, akasema, "Daftari la mahudhurio." Mwalimu, jibu hilo halijanitoka moyoni.

MWALIMU: Pole sana, dada. Na wala hakuwa analalamika, sivyo?

MZAZI: Hata kidogo. Alinijibu huku akifunga kamba za viatu.

MWALIMU: Ndiyo maana linauma. Mwaka 1993 mtafiti wa Marekani, Carol Goodenow, alichapisha kauli 18 za kupima kama mwanafunzi anajiona ni mmoja wa watu wa shule yake. Mbili sizisahau: kama watu hutambua anapofanya jambo vizuri, na kama yupo walau mtu mzima mmoja wa kumwendea akiwa na shida. Mmoja tu, dada.

MZAZI: Nilidhani utaniambia habari za michezo, sare, siku ya wazazi.

MWALIMU: Hizo nazipenda. Lakini siku ya sherehe ndiyo siku ambayo asiye na mwenzake huumia zaidi. Wenzake wako makundi makundi, yeye anazunguka kama mwenye shughuli. Nimewaona watoto wa namna hiyo miaka yote niliyofundisha, na wengine nilichelewa kuwaona.

MZAZI: Mngewaonaje mapema?

MWALIMU: Lipo zoezi ambalo shule kadhaa hulifanya wanafunzi wakishaondoka. Majina yao yote yanabandikwa ukutani. Kila mfanyakazi, kuanzia mkuu wa shule hadi mlinzi wa lango, anapita na kalamu. Anatia nukta kwenye jina la mtoto anayemjua kweli, yaani zaidi ya maksi zake: nyumbani anaishi na nani, kinachomfurahisha ni nini. Kisha wote wanarudi nyuma kuutazama ukuta.

MZAZI: Wapo wasio na nukta.

MWALIMU: Wapo. Na mara nyingi si watukutu, maana mtukutu anajulikana shule nzima. Anayeongoza darasa naye anajulikana. Anayepotea ni mpole wa katikati, ambaye hajawahi kumsumbua mtu.

MZAZI: Umemtaja mwanangu.

MWALIMU: Basi hapo kila mtu mzima anachukua majina mawili matatu. Mtoto haambiwi lolote. Anasalimiwa kwa jina lake, anaulizwa jambo, na wiki inayofuata anaulizwa jambo lile lile limefikia wapi. Swali hilo la pili ndilo linalomwonyesha kwamba alisikilizwa.

MZAZI: Hapo nakuelewa. Ila mtoto hashindi na walimu, anashinda na wenzake. Mwalimu hawezi kumtafutia rafiki.

MWALIMU: Hawezi. Anachoweza ni kupanga kazi ili watoto wahitajiane. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, watoto weusi, weupe na wa asili ya Meksiko walikuwa wameanza kusoma pamoja baada ya shule kuacha kuwatenga, na ugomvi ulikuwa mwingi. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake wakaingia madarasani. Wakaona kila somo ni mashindano: mmoja akikosea jibu, wengine wananyoosha mikono kwa furaha.

MZAZI: Hata sisi tulisoma hivyo hivyo.

MWALIMU: Wakagawa darasa katika makundi madogo, na somo likakatwa vipande. Kila mtoto akapewa kipande chake awafundishe wenzake, na mtihani unahusu vipande vyote. Kulikuwa na mvulana ambaye Kiingereza kilimpiga chenga. Mwanzoni wenzake walimcheka. Wakakumbushwa kwamba alichonacho yeye watakihitaji kwenye mtihani. Basi wakaanza kumuuliza maswali kwa utaratibu, wakimpa nafasi aeleze. Kumbe anajua! Wakaanza kumpenda.

MZAZI: Hawakuhubiriwa kupendana.

MWALIMU: Hapana. Walimhitaji kwanza. Sasa nikuulize mimi: mwanao ana ujuzi gani?

MZAZI: Baiskeli. Anaifungua yote na kuirudisha, hakibaki kipande sakafuni.

MWALIMU: Pale shuleni, nani anajua hilo?

MZAZI: ...Hakuna. Na mimi sijamwambia mtu. Nilipompeleka kuandikishwa nilipeleka cheti na ripoti ya shule ya zamani.

MWALIMU: Mwambie mwalimu wake wa darasa. Sentensi moja inatosha.

MZAZI: Kesho asubuhi, kabla ya kengele. Na mlinzi wa lango pia nitamwambia, maana yeye ndiye anayemwona akiingia na baiskeli yake.