Kituo Kimejengwa, Maji Yametoka? Mhadhara Kuhusu Kupima na Kutolea Taarifa Utendaji wa Taasisi za Umma

Waheshimiwa viongozi, wahadhiri, watumishi wenzangu na wanafunzi, nitaeleza suala la upimaji wa utendaji kupitia maji, kwa kuwa hapa Arusha hakuna asiyeyajua matatizo yake.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ililenga mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, katika kituo cha kuchotea maji kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake na kinachohudumia watu 250. Viwango hivyo ni vizuri. Tatizo huanzia mezani kwa mwandaaji wa taarifa, ambaye njia yake nyepesi ni kuhesabu vituo, kuzidisha kwa 250, kisha kugawanya kwa idadi ya watu. Kituo kikizinduliwa, asilimia ya wanaohesabiwa kupata maji hupanda siku hiyo hiyo, hata kama kimejengwa jirani kabisa na kingine. Pampu ikiharibika, asilimia haishuki mpaka mtu apande pikipiki akajionee mwenyewe, na fedha za mafuta ya pikipiki, kama mjuavyo, ndizo za kwanza kukatwa.

Wilayani Arumeru, hapa mkoani Arusha, kuna la ziada. Visima vingi vina floraidi itokanayo na miamba ya volkano, ambayo hufanya meno ya watoto kuwa ya kahawia na, ikizidi sana, huharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani linaelekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ilhali Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4 kabla ya kushusha kiwango chake. Kisima chenye miligramu 3, basi, kilitoka kwenye orodha ya maji salama bila maji yenyewe kubadilika, na msomaji asiyeelezwa hivyo atadhani mhandisi amezembea.

Kwa mtumishi mmoja mmoja, OPRAS ya mwaka 2004, yaani mfumo wa wazi wa kupima utendaji kwa fomu, ilitaka malengo yakubaliwe mwanzoni mwa mwaka wa fedha, lakini wengi wetu tunakumbuka fomu zilizojazwa zote kwa mkupuo mwezi Juni, mwaka huo ukiisha. PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi ulioirithi, ni ya kompyuta, jambo la kupongezwa, ila lengo likiandikwa “kujenga vituo 10” mfumo hautauliza kama vinatoa maji.

Napendekeza taarifa ya robo mwaka ioneshe, kwa kila kituo, tarehe kilipokaguliwa, idadi ya siku ambazo maji yalitoka na kiasi cha floraidi. Asilimia za halmashauri nyingi zitashuka, na mkurugenzi hatathubutu kuziandika akijua ataadhibiwa. Wanaopokea taarifa hizo mkoani na Dodoma wamhakikishie usalama wake kwa maandishi kabla ya Julai.