Seva Inayovimba Kimyakimya

Ndugu zangu, programu nyingi zikisahau kurudisha kumbukumbu zilizoazima, mfumo endeshi husafisha yote zinapofungwa, na hakuna anayejua. Seva ya mtandao haifungwi. Chukueni ombi moja linalovujisha, yaani kuazima bila kurudisha, baiti 200 tu. Yakija maombi 1,000 kwa sekunde, baada ya saa 24 zimepotea gigabaiti 17 na ushee. Linux ikiishiwa kabisa huchagua mchakato wa kuua, na mara nyingi chaguo huangukia ule ulionenepa.

Lakini msiharakishe kuhukumu. Seva iliyotoka kuwashwa lazima ikue, maana inajaza akiba zake za data (cache). Tena hata ikiachilia kumbukumbu, malloc, kigawa kumbukumbu cha lugha ya C, inaweza kuzikalia bila kuzirudisha kwa mfumo. Ukubwa peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Ipeni mzigo usiobadilika kwa saa kadhaa, muutazame mstari wa grafu: je, unatulia, au unazidi kupanda?

Ukipanda, mimi huanza na njia za makosa. Njia ya kawaida imeshapitiwa na kila mtu: soma ombi, jibu, achilia bafa (kumbukumbu ya muda iliyoshika data za ombi). Mteja akikata muunganisho katikati, kazi (function) inatoka mapema na bafa inabaki haina mwenyewe. Majaribio mengi hayafiki hapo, kwa kuwa huandikwa na watu wastaarabu wanaosubiri jibu. Andikeni mteja mkorofi: atume nusu ya ombi, akate, arudie mara elfu kadhaa. Seva iendesheni ndani ya Valgrind, zana ya kusaka uvujaji, ambayo huipunguza kasi mara kumi au zaidi, au muijenge na LeakSanitizer, zana nyingine ya kazi hiyo, iliyo nyepesi. Zote huonyesha mahali kumbukumbu ilipoazimwa. Ilipopaswa kurudishwa, hapo mtatafuta wenyewe.

Na nyie wa lugha za Java na Go, msicheke. Mkusanya taka, anayewarudishia kumbukumbu zisizotumika, hagusi kitu kinachoshikiliwa na kielekezi hai, yaani ambacho programu bado inaweza kukifikia. Orodha ya vikao vya watumiaji isiyopunguzwa itakua hadi seva ianguke. Pigeni picha mbili za kumbukumbu, kabla na baada ya mzigo, mtazame vitu vya aina gani vimeongezeka.

Kwa C napenda mtindo wa seva za Apache na nginx: kila ombi lina fungu lake la kumbukumbu, na ombi likiisha fungu zima huachiliwa, hata kosa likitokea wapi. Apache ina pia mpangilio wa MaxConnectionsPerChild, unaostaafisha mchakato mtoto baada ya miunganisho kadhaa. Hiyo naikubali usiku wa dharura, mradi asubuhi yake yule mteja mkorofi arudi kazini.