Waliohesabiwa ni Wenye Maumivu: Mhadhara Kuhusu Mfuko wa Nyongo

Ndugu wasikilizaji, wanaonifahamu wanajua kwamba nikialikwa kuzungumzia nyongo sikawii kufika Italia, na leo pia nitawapeleka huko. Watu wa kawaida nchini humo walipigwa picha za ultrasaundi, na miongoni mwa waliokutwa na mfuko wa nyongo usio na jiwe hata moja, asilimia 7.6 ya wanaume na asilimia 20.7 ya wanawake walieleza kuwa na maumivu yanayofanana na ya nyongo. Takwimu hizo kila zinaponukuliwa huongezwa chumvi, mpaka mwanamke mmoja katika kila watano anaambiwa kwamba mfuko wake haufanyi kazi sawasawa.

Sivyo. Waliohesabiwa ni wenye maumivu, si wenye maradhi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema tupime mvua kwa kuhesabu mawingu. Maumivu ya chembe cha moyo, au ya chini ya mbavu za kulia, yana wenyewe wengi: kiungulia, vidonda vya tumbo, utumbo unaosokota, hata misuli. Ndiyo maana vigezo vya Roma vya mwaka 2016, yaani miongozo ya kimataifa ya kutambua matatizo ya utendaji wa tumbo na nyongo, vinataka maumivu yapande hadi yafikie kiwango kisichobadilika, yadumu nusu saa au zaidi, yarudi kwa vipindi tofauti pasipo kuwa ya kila siku, na yawe makali kiasi cha kumkatisha mtu shughuli zake au kumkimbiza hospitali. Tena yasiwe ya kutulizwa kwa kwenda haja, kwa kugeuka ubavu, wala kwa dawa za kupunguza asidi. Wapitisheni walalamikaji wote katika chujio hilo, kisha mniletee hesabu mpya.

Mtaniambia: si kuna kipimo? Kipo. Mgonjwa huingiziwa homoni ya kolesistokinini ili mfuko ujikamue, na ukitoa chini ya asilimia 38 ya nyongo yake huhesabiwa kuwa mvivu. Lakini homoni hiyo ikisukumwa upesi, hata mfuko wa mtu mwenye afya njema huonekana mvivu, ndipo ikakubaliwa iingizwe polepole kwa dakika 60. Mfuko mvivu hupatikana pia kwa wenye kisukari na kwa wanaotumia dawa za jamii ya afyuni.

Marekani nako inakadiriwa kwamba asilimia 10 hadi 20 ya watu wazima wanaoondolewa mfuko wa nyongo huondolewa kwa sababu ya tatizo hili la mfuko usio na mawe lakini usiofanya kazi sawasawa, ilhali kwingineko upasuaji wa namna hiyo ni nadra. Wanaotofautiana hapo ni madaktari, si nyongo.

Nilikusudia kuwazungumzia watoto, ila mwenyekiti anatazama saa. Basi niwataje tu wale wanaoendelea kuumwa baada ya mfuko kuondolewa: katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2014, wagonjwa waliotambuliwa kwa maumivu pekee walikatwa kilango cha mrija wa nyongo, yaani msuli unaoubana mwisho wa mrija huo kwenye utumbo, na asilimia 23 wakapata nafuu; lakini kwa wenzao waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza, bila kukatwa kilango hicho, waliopata nafuu walikuwa asilimia 37.