Bajeti ya Bamvua: Mazungumzo na Wakulima wa Mwani, Jambiani

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, hamjambo? Naona mkeka umejaa. Sijidanganyi kwamba mmenifuata mimi. Leo maji mafu, bahari haikupwi mbali, hakuna wa kwenda pwani. Ingekuwa bamvua, maji yanapokupwa mbali na mashamba yenu yako wazi, ningezungumza na paka. (Kicheko.)

Nianze na aibu yangu. Nilikuwa karani mjini miaka minane. Mshahara ukiingia kila mwezi, na kila ikifika tarehe 18 nakopa nauli ya daladala. Mama yangu analima mwani tangu mimi mdogo, hajaona mshahara hata siku moja, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia simu: mama, nitumie kidogo. Siku moja nikaona haya, nikasema sasa napanga bajeti. Nikatafuta kwenye simu, nikakuta kanuni inayopendwa Marekani: nusu ya kipato iende kwenye mahitaji, asilimia 30 kwenye unavyovitamani, asilimia 20 akiba. Nikaichora kwa kalamu za rangi, nikaibandika ukutani. Haikumaliza wiki mbili. Nilikuwa nazigawa pesa nisizojua zinapita wapi.

Nikamwendea mama. Nikamuuliza, wewe unafanyaje? Akanijibu huku anaanika mwani wake: "Mie mwezi siuhesabu. Nahesabu bamvua."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Bajeti nyingi tunazofundishwa zimetungwa kwa mtu wa mshahara. Nyinyi pesa yenu inakuja na maji. Mwezi ukiandama, bamvua. Mwezi ukipevuka, bamvua. Mwani mnauacha kwenye kamba kama wiki sita, yaani unaoufunga bamvua hii utauvuna bamvua ya tatu baada yake. Sasa tazameni: kipato chako cha wiki sita zijazo kimo baharini, unaweza kwenda ukahesabu kamba. Kama bamvua hii umefunga kamba chache kwa sababu ulikuwa na msiba, unajua leo kwamba bamvua ya tatu itakuwa nyembamba. Si kila mfanyabiashara wa soko la Darajani anaiona pesa yake mapema namna hiyo.

Basi anayeanza aanze hivi. Bamvua moja nzima, asibadilishe chochote, aandike tu. Mchele, mafuta, vocha, boda, andazi la mtoto la asubuhi. Na michango! Harusi ya wifi, arobaini ya jirani, sare ya kwenda kupambia bibi harusi. Michango hatuiandiki kwa sababu tunaiona ni heshima, si matumizi. Heshima nayo inatoka kwenye pochi. Deni la dukani liandike vilevile. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni, nasi tunamwachia mwenye duka daftari lake peke yake.

Bamvua ya pili ndiyo tunapanga. Nikupeni mfano, tarakimu ni zangu tu, si bei ya mnunuzi yeyote. Mama mmoja kwa bamvua sita kapata 140,000, 120,000, 150,000, halafu masika yameingia, mwani haukauki, 60,000, kisha 40,000, kisha 90,000. Jumla 600,000. Ukigawa kwa sita ni 100,000 kila bamvua, na mwanafunzi mwepesi atasema basi nitumie 100,000. Akifanya hivyo, hamalizi na senti. Mama huyu ajifunge 80,000, jua liwake au mvua inyeshe. Bamvua tatu za mwanzo atabakisha 170,000. Mbili za masika zinapungukiwa 60,000, anachota humo humo. Ya mwisho inaongeza 10,000. Mkononi anabaki na 120,000, na masika hakwenda dukani kukopa.

Ila kabla ya hiyo 80,000, toeni kwanza ya kamba, taitai (vile vikamba vya kufungia mwani) na vigingi. Hiyo si pesa yenu, ni ya shamba. Nimeona watu wakila kamba zao, halafu bamvua ya pili wanaazima za jirani.

Sasa hiyo 120,000 inangoja nini? Skuli na Ramadhani. Skuli ina adabu, inakuja Januari kila mwaka. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kizungu, ndiyo maana anayepanga kwa kalenda ya ukutani peke yake hushtukizwa. Mwaka 2030 itatufikia mara mbili: mwanzoni mwa Januari, skuli zikifunguliwa, na tena mwishoni mwa Disemba. Futari, sare, madaftari na nguo za sikukuu, vyote mlango mmoja. Mwenye mtoto wa kuanza darasa la kwanza wakati huo asiseme hakuambiwa.

Upatu je? Mimi naupenda. Hauna riba, na aibu ya kuwakosa wenzako inakuweka sawa kuliko kibubu, maana kibubu ukikitikisa kinakuita. Ombeni tu zamu yenu iangukie Disemba, si Mei. Na mchezo wa watu msiowajua, wa kwenye simu, unaoahidi mara mbili, huo si upatu.

Kuhusu waume. (Kicheko.) Kisheria chakula cha nyumba ni juu ya mume, na pesa ya mwani ni yako. Najua, najua. Sikuja kugombanisha watu. Lakini ukimsaidia, andika, ili ujue ni msaada.

Naona bibi amenyoosha mkono. Naam, bi mkubwa.

(Bibi mmoja: "Mwanangu, mie kuandika sijui. Na mjukuu wangu akiniandikia, atajua ninazo, atataka simu.")

Haki yako, bi mkubwa. Tafuta makopo matatu. La kwanza la kamba na taitai. La pili la kula mpaka bamvua ijayo. Likiisha kabla ya maji, umeshajua umezidisha, huhitaji kalamu. La tatu la Ramadhani na skuli.

("Na hilo la tatu nikilifungua?")

Lifunge na taitai, vifundo kumi na tano. Kila siku fungua kimoja, usizidishe. Kikifika cha mwisho bamvua nyingine imeshafika, unalifunga upya.