Kabla Hujanunua Betri Nyingine: Trekta ya Zamani Isiyojaza Chaji

MAMA DOTO: Mwangaluka, wasikilizaji wetu. Leo hatujajifungia chumbani. Tuko nje, chini ya mwembe, pembeni ya barabara ya kutoka Tabora kwenda Urambo. Mbele yangu ipo trekta yangu, Massey Ferguson 135, na asubuhi hii imewaka kwa shida sana. Fundi, karibu.

FUNDI: Asante, Mama Doto. Wasikilizaji, hamjambo.

MAMA DOTO: Niwaeleze kwanza. Msimu uliopita nilinunua betri mpya. Kufika Januari ikawa inawasha kwa kubahatisha. Tunaifungua, tunaipakia kwenye bodaboda hadi mjini ikachajiwe, tunalipa, tunairudisha. Siku ya pili imekwisha tena. Sasa mvua za Novemba zinakaribia, majirani wameshanilipa niwalimie ekari zao, na nimetenga hela ya betri nyingine. Fundi akanikataza.

FUNDI: Nilikukataza kwa sababu betri ni kihenge. Ukikikuta kihenge kitupu hukibomoi ukajenga kingine. Unauliza kwanza: mahindi yalivunwa? Na yalipovunwa, yalifika nyumbani? Kuna kingine kinachowaponza wenye trekta. Injini ya dizeli ya zamani kama hii ikishawaka haihitaji umeme. Pampu ya dizeli inaendeshwa na injini yenyewe. Kwa hiyo unaweza kulima kutwa nzima bila chaji hata kidogo kuingia, na usijue. Unakuja kujua kesho yake alfajiri.

MAMA DOTO: Alfajiri, na dereva ameshafika, na hapa kwetu palivyo tambarare, mteremko wa kuiwashia hamna. Tunatafuta vijana sita wa kusukuma.

FUNDI: Hapo ulinieleza jambo lililonitisha. Dereva alipimaje chaji?

MAMA DOTO: Alichomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma. Haikuzima, akasema chaji ipo.

FUNDI: Msifanye hivyo, ndugu zangu. Nawaomba sana. Kwanza hakuthibitishi kitu, maana nimeshasema dizeli haizimiki hata betri ukiiweka kando. Pili, trekta hii ina alteneta, kile kifaa kinachozungushwa na mkanda wa injini kuzalisha umeme wa kuchaji. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaruka juu na kuua dayodi zilizomo ndani, vile vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Umeingia na ugonjwa mmoja, unatoka na miwili.

MAMA DOTO: Tuipime sasa. Mita unayo mkononi.

FUNDI: Injini imezimwa tangu saa moja asubuhi, betri imepumzika. Gusa chanya, gusa hasi. Soma wewe.

MAMA DOTO: Kumi na mbili nukta moja.

FUNDI: Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 ni kama nusu. Yako iko chini ya nusu, na betri ikiishi hivyo miezi, sahani zake za risasi zinaota ukoko mgumu usioyeyuka tena. Hivyo ndivyo betri yako mpya ilivyochakaa mapema. Ilikuwa inashinda njaa.

Mkanda wa feni nimeubonyeza kwa kidole gumba katikati, umebonyea sentimita moja na kidogo. Uko sawa, haujakauka wala kung'aa kwa kuteleza. Washa. Piga resi ya wastani, washa na taa kubwa.

[Trekta inawaka. Sauti zinapanda.]

MAMA DOTO: Kwenye betri nasoma 12.6.

FUNDI: Ikichaji vizuri ingekuwa kati ya 13.8 na 14.4. Hapa mafundi wengi wangesema alteneta imekufa, nunua nyingine. Subiri. Nahamisha mita. Waya mmoja naweka kwenye nati kubwa nyuma ya alteneta, wa pili kwenye bodi, yaani kasha la chuma la alteneta yenyewe. Soma.

MAMA DOTO: 14.1! Fundi, kumbe inatoa.

FUNDI: Inatoa. Mahindi yamevunwa, njiani yanapotea. Volti moja na nusu nzima haifiki kwenye betri. Nani anaila? Umeme una barabara mbili, ya kwenda na ya kurudi. Tukipima mwanzo na mwisho wa barabara, namba tunayosoma ni volti zinazopotea humo. Ya kwenda: nati ya alteneta mpaka posti ya chanya.

MAMA DOTO: Sifuri nukta moja.

FUNDI: Hiyo ni safi. Ikizidi nusu volti ningekagua waya huo wote na viungo vyake. Ya kurudi sasa: bodi ya alteneta mpaka posti ya hasi.

MAMA DOTO: Moja nukta nne.

FUNDI: Huyo hapo. Jumlisha: 12.6, na 0.1, na 1.4.

MAMA DOTO: 14.1. Imetimia yote.

FUNDI: Hesabu ikifunga hivyo, huna haja ya kubahatisha. Tumkaribie zaidi. Kutoka injini mpaka posti ya hasi, 0.1. Basi waya mnene wa ethi, unaounganisha hasi ya betri na chuma cha trekta, ni mzima, na hata stata, mota ya kuwashia injini, inazungushwa kupitia huo huo. Kutoka bodi ya alteneta mpaka injini?

MAMA DOTO: 1.3. Lakini Fundi, alteneta imefungwa kwenye injini! Chuma kwa chuma.

FUNDI: Chuma kwa chuma, au chuma kwa rangi? Ulipoinunua ilikuwaje?

MAMA DOTO: Ilikuwa imepakwa rangi mpya, nyekundu, inang'aa. Ndicho kilichonivutia.

FUNDI: Waliipaka kila mahali, mpaka kwenye breketi, chuma kinachoishikilia alteneta, na chini ya boliti. Alteneta hii inarudisha umeme kupitia breketi yake, haina waya wa ethi wa peke yake. Umeme unapita kwenye nyuzi za boliti tu, tena zenye kutu. Pakipita umeme kidogo huoni tofauti. Ukiwasha taa na betri inadai, ndipo volti zinapopotea. Ndiyo maana nilikwambia uwashe taa kubwa. Mtu akipima bila mzigo anaweza kuona namba nzuri akaenda zake.

MAMA DOTO: Na taa nyekundu ya chaji? Ilikuwa inazima vizuri, ndiyo iliyonidanganya.

FUNDI: Taa ile inakaa kati ya betri na alteneta. Volti za pande zote mbili zikilingana, inazima. Haijui kama zimelingana juu au chini. Na siku ukiona haiwaki kabisa unapofungua swichi kabla ya kuwasha injini, badili balbu kwanza. Alteneta nyingi za aina hii zinaamshwa na umeme unaopita kwenye balbu hiyo. Balbu ikiungua, zinaweza zisichaji.

Zima injini. Nafungua ethi ya betri kabla spana haijagusa alteneta. Halafu msasa.

[Kimya kifupi. Sauti ya msasa.]

MAMA DOTO: Wakati anasugua, niulize la msikilizaji wa Sikonge. Trekta yake ni ya zamani kuliko hii, ina dainamo, kifaa cha kuzalisha umeme kilichotumika kabla ya alteneta.

FUNDI: 135 ilianza kuuzwa 1964, na za mwanzo zilikuja na dainamo. Ni ndefu na mviringo kama kopo, na nyuma ina nati mbili, D na F. Ajue kwanza kwamba dainamo haichaji injini ikiwa kwenye silensa, yaani inaunguruma polepole bila resi. Taa ikipepesa hapo asihangaike. Kama hata resi ikipanda haichaji, achomoe nyaya za D na F, aunganishe nati hizo mbili kwa kipande cha waya, mita aweke kati ya hapo na bodi. Apandishe resi taratibu mpaka mizunguko kama 1,000 kwa dakika, asizidishe. Volti zikipanda haraka bila kuyumba, dainamo ni nzima, akague nyaya na katauti, ile swichi inayoiunganisha dainamo na betri inapoanza kuchaji. Ikiishia volti moja hivi, koili za pembeni zina tatizo. Ikiganda kwenye nne au tano, ni ile koili inayozunguka. Kama hamna kitu kabisa, afungue aangalie kaboni, vile vipande vinavyogusana na koili inayozunguka, huenda zimeisha au zimekwama. Na achunguze kabla ya kufunga betri: trekta nyingi za Uingereza za enzi hizo chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi. Ukigeuza kwa mazoea unaharibu.

MAMA DOTO: Umemaliza?

FUNDI: Breketi imekuwa nyeupe. Nimeongeza na waya wa ethi kutoka bodi ya alteneta mpaka kwenye injini, ili kutu ikirudi usirudi huku. Washa. Taa pia.

[Trekta inawaka.]

MAMA DOTO: 13.4... 13.6... Inapanda, jamani. 13.8.

FUNDI: Ingeendelea kupanda ikapita 15, ningekuzuia, ingekuwa inachemsha betri. Hapo iko salama.

MAMA DOTO: Na betri yenyewe, ninunue?

FUNDI: Usinunue leo. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa mpaka sahani zifunikwe. Asidi usiongeze, maji ya kisima pia hapana. Ichajiwe taratibu usiku kucha, ampea tano hivi, mahali penye hewa, sigara mbali, maana inatoa gesi inayolipuka. Iache ipumzike, kesho jioni nitakuja na haidromita, kifaa cha kupima uzito wa asidi ikilinganishwa na maji, nipime matundu yote sita. Yakikaribia 1.265 na yakilingana, utalima nayo msimu huu. Likiwepo tundu moja lililobaki chini sana ya wenzake, betri hiyo imekwisha.

MAMA DOTO: Basi hela naiweka mpaka kesho jioni. Ikipona, nitanunua dizeli.