Mtoto Akirudi Mtaani Mara ya Tatu

Bwana asifiwe wapendwa. Muda niliopewa ni mfupi, naingia moja kwa moja.

Kila nikialikwa kuongelea hii huduma ya watoto wa mtaani naulizwa mmeokoa wangapi, na hilo swali linanipa shida kweli, maana kumtoa mtoto mtaani ni kazi ya siku moja tu, anaoga, anakula, anavaa nguo safi, mnapiga picha. Wiki ya pili ametoroka, na viatu vya mwenzake kaondoka navyo.

Don Bosco yalimpata hayohayo. Yule padri wa Turin, Italia, mwaka 1847 aliwalaza vijana wasio na makao kwenye dari la kuhifadhia majani makavu, akawapa mashuka na mablanketi, asubuhi anaenda kuwaamsha hakuna mtu na mablanketi hakuna. Wengi wetu tungefunga huduma siku ileile, tuseme ukweli. Mwezi wa 5 mwaka huohuo usiku wa mvua akaja kijana yatima ameloa chapachapa, mama yake Don Bosco akamtandikia jikoni, halafu mlango wakaufunga kwa funguo maana masufuria yalikuwa humohumo. Mimi hiyo funguo naipenda sana. Hofu walikuwa nayo, wakampokea na hofu yao.

Sasa kwa nini wanarudi mtaani? Wengi wanasema ukaidi, mimi nakataa. Huyu mtoto kule ana kundi lake, ndio waliomfunika usiku wa baridi, ndio wanaogawana naye gundi ya kunusa ili njaa isisikike, na amejifunza kumsoma mtu mzima usoni kabla hajafungua mdomo kwa sababu akikosea anapigwa. Leo unamwambia lala, zima taa, hapa uko salama. Usalama gani? Huo ukimya wenyewe unamtisha. Na mwili ulishazoea gundi, kwa hiyo anatetemeka, anatukana, anavunja vitu, na wewe mfanyakazi umeshasema huyu ana pepo, tumwombee atoke. Mwombee ndiyo, ila mpeleke na hospitali, mtafutie na mtu wa ushauri nasaha atakayekaa naye miezi na miezi, siyo mara moja.

Halafu hapa kanisa lisinikasirikie. Kuanzia 1869 mashirika ya Uingereza, mengi yao ya Kikristo, lile la Thomas Barnardo, aliyefungua nyumba za kulea watoto maskini London, likiwemo, yalisafirisha watoto kama 100,000 kwenda Kanada, na wengi wao walikuwa na wazazi hai. Walidhani wanawaokoa. Ni huyuhuyu Barnardo ambaye London kijana wa miaka 11 alinyimwa nafasi kwa sababu nyumba imejaa, siku chache baadaye akakutwa amekufa kwa njaa na baridi, na baada ya hapo mlango wake haukumkataa tena mtoto yeyote. Moyo mkubwa kabisa, lakini mama wa mtoto aliyepelekwa Kanada hakuulizwa! Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ukaandika kwamba kumtenga mtoto na familia yake iwe njia ya mwisho, na mimi naona tulitakiwa kulisema sisi mapema zaidi, maana mwana mpotevu wa Luka 15 hakupelekwa kwenye kituo, alirudi kwa baba yake. Kwa hiyo sadaka zenu sehemu kubwa inaenda huko, kumtafuta shangazi, bibi, kukaa na mama aliyeachwa mpaka apate kitu cha kufanya, kurudi kuwatembelea tena na tena. Hiyo haina picha nzuri ya kuwatumia.

Kuna kijana wetu alitoroka mara tatu. Mara ya nne hakugonga, alikaa nje ya geti tangu alfajiri, mlezi anafungua anamkuta. Akauliza kitanda changu amepewa nani? Kilikuwa hakijapewa mtu, tuligombana ofisini wiki nzima kuhusu hicho kitanda, wengine wanasema tunapoteza nafasi. Mlezi akamwambia ingia, uji bado wa moto.