Mbona Chupa ya Soda Haipo Mtaroni?

Ndugu zangu, kabla sijaanza namwomba mwenyekiti anivumilie, maana nitamchafulia meza. Tandikeni gazeti hapo. Hiki kiroba ni taka za nyumbani kwangu, za juzi na jana. Mama watoto hajui kama nimekibeba, kwa hiyo wenye simu msipige picha.

(Anamwaga.)

Mnaosikia harufu, samahani, tulikula dagaa. Haya: maganda ya ndizi, maganda ya viazi, machungwa yaliyokamuliwa, majani ya chai, vichwa vya dagaa. Ukiweka kwenye mizani, hivi peke yake vinazidi nusu ya kiroba, na nyumba nyingi za Dar es Salaam ziko hivyohivyo. Halafu chupa tatu za maji. Kopo la nyanya. Boksi la sabuni. Pakiti za biskuti. Na pampasi mbili za mjukuu, nimezifunga vizuri, msirudi nyuma.

Kitu gani hakipo? Jana tulikuwa na wageni, tukanywa soda nne za chupa ya kioo. Ziko wapi? Ndiyo, wewe kijana wa nyuma umesema: zimerudi kwa Mangi, mwenye duka la mtaani.

Sisi wa zamani kidogo tunakumbuka. Mtoto akitumwa soda, anatumwa na chupa mkononi. Huna chupa, Mangi anakwambia nywea hapahapa, au acha hela ya chupa. Mangi naye ana kreti zake, na bila kreti tupu gari la soda halimwachii kreti iliyojaa. Kiwandani chupa inaoshwa kwa maji ya moto na dawa kali, inajazwa tena, na chupa moja huweza kuzunguka hivyo mara 20 na zaidi. Hakuna aliyetupa semina. Nimekuwa bwana afya zaidi ya miaka 20, nimezibua mitaro kuliko ninavyoweza kuhesabu, na chupa ya soda nzima mtaroni ni kitu adimu. Za plastiki, hata koleo zilikuwa zinakwama.

Nilichokuja kusema ni hicho. Kitu ambacho kikiwa tupu bado kina bei, hakifiki dampo. Kinachofika ni kile kisicho na bei, au kilichokuwa nayo tukaiua wenyewe jikoni.

Tukaiuaje? Ona hili boksi. Lingekuwa kavu, wanunuzi wa maboksi wangelichukua. Lakini limekaa chini ya maji ya dagaa tangu juzi, limelainika kama ugali wa jana. Sasa ni uchafu. Tulipolinunua halikuwa uchafu, wala hatukulichafua kwa kulitumia. Tumelichafua kwa kulitia ndoo moja na dagaa.

Hizi chupa za maji nazo. Kuna vijana wanaziokota, mnawajua, wanapita alfajiri na viroba mgongoni. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu kama 10 hadi 20. Piga hesabu: ili apate kilo moja, kijana anainama mara 50, mara nyingine mara 100. Kilo hiyo inapimwa kwa mwenye mizani, naye anaongeza cha kwake anauza kwa mwenye mashine ya kusaga, na chenga zikitoka hapo ndipo zinaelekea kiwandani au bandarini. Mwaka 2018 China ilipofunga mlango kwa taka za plastiki kutoka nje, dunia nzima ilihangaika, kwa sababu mnunuzi mkubwa kuliko wote alikuwa ameondoka sokoni. Wa mwisho kuongezewa bei katika mnyororo huo ni huyu anayeinama. Wa kwanza kupunguziwa ni yeye pia.

Viwanda vyetu, tuseme ukweli, vikiona hela havihitaji kuhubiriwa. Machicha ya bia yanagombewa na wafuga nguruwe na ng'ombe. Viwanda vya sukari vinachoma makapi ya miwa vinapata mvuke na umeme. Mkonge, asilimia kama 4 tu ya jani ndiyo inakuwa nyuzi, mengine yalikuwa yakimwagwa. Kule Hale, Tanga, wakajenga mtambo wa kuyageuza kuwa gesi na umeme. Chuma chakavu kinayeyushwa kuwa nondo. Na pale mtaa wa Gerezani kwa mafundi, nani hajawahi kununua jiko la mkaa lililokuwa pipa? Sufuria za kusubu zilikuwa vipuri vya magari. Viatu vya katambuga vilikuwa tairi. Ufundi huo tulikuwa nao kabla hatujasikia neno urejelezaji, ambalo mpaka leo linanikwaza ulimi.

Lakini bei haina macho. Bei hiyohiyo ya skrepa ndiyo inayong'oa mifuniko ya chemba, vyuma vya kingo za madaraja na vibao vya barabarani. Ndiyo inayomfanya kijana achome waya uani ili apate shaba, moshi mweusi ukiingia chumba cha jirani mwenye mtoto mchanga. Kwa hiyo mkinisikia nasifia bei, msidhani nasema serikali ikae pembeni.

Serikali ikiamua, inaweza. Zanzibar walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Bara tukafuata tarehe 1 Juni 2019, na mliona wenyewe: mifuko iliyokuwa inaning'inia kwenye miti kama matunda ilipungua. Kisha wajanja wakaanza kufungia watu nyanya kwenye vile vifungashio vyembamba vya plastiki, mpaka mwaka 2021 ikabidi navyo vipigwe marufuku kubebea bidhaa. Nendeni sokoni jioni hii mkaone kama vimeisha.

Mahakama nazo zimefanya kazi yake. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, wamechoka na moshi na nzi wa dampo lililokuwa katikati ya nyumba zao, waliliburuza jiji Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji likaomba muda, likapewa, likaomba tena. Mwishowe taka zikahamia Kunduchi Mtongani. Wa Mtongani nao wakaenda mahakamani, na mwaka 1991 wakashinda. Zikaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, leo ziko Pugu Kinyamwezi. Nilipokuwa kijana nilishangilia kila hukumu. Sasa naona kwamba miaka yote hiyo taka zilikuwa zinatafuta mtaa ambao haujapata wakili.

Na sisi wenye nyumba je? Ada ya taka tunalipa kwa kununa. Gari likichelewa wiki mbili, guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, linapita usiku, tunalipa mia tano au elfu moja, na hatuulizi linakwenda kumwaga wapi. Tunajua linakomwaga. Mto Msimbazi ukijaa, taka hizohizo zinarudi mtaani Jangwani.

Mtaniambia tutenganishe, ndoo mbili, mbichi kivyake na kavu kivyake. Ndiyo, nasema hivyo nyumba kwa nyumba. Lakini jirani yangu mmoja alitenganisha miezi miwili, siku moja akatoka mapema akaliona gari likizimwaga ndoo zote mbili shimo moja. Akaacha. Nilikosa la kumwambia. Anayetaka tutenganishe aanze na gari lenye vyumba viwili.

Na wenye viwanda vya maji na soda za plastiki nao waweke hela ya chupa, ya kurudishiwa mteja akileta chupa tupu. Ujerumani chupa ya plastiki ya maji ina hela yake, senti 25 za yuro, na watu wanapanga foleni dukani mbele ya mashine kuirudisha. Hatuhitaji mashine. Mangi yupo kila kona, kreti anazijua, hesabu za chupa alikuwa nazo kichwani tangu wengi wenu hamjazaliwa.

Muda naona umekwisha, mwenyekiti ananiangalia, au anaiangalia meza yake. Maganda narudi nayo, nina kuku. Chupa nimemwahidi kijana wa guta aliye hapo getini. Kopo litakwenda naye. Boksi ndiyo basi tena. Ila hizi pampasi mbili, ndugu zangu: humu ukumbini kuna pipa?